Kovu la Gololi: Somo la Viwanda Kutoka Kitu cha Mchezo

Tunapojadili viwanda katika nchi zetu hupenda kuchagua mifano mikubwa: chuma cha Uingereza, magari ya Detroit, meli za Korea Kusini. Leo namwomba msomaji aniruhusu niteremke hadi kwenye kitu kinachotosha kati ya kidole gumba na cha shahada, yaani gololi ya kioo, ambayo watoto wa Kenya huiita bano. Huko Marekani na Ulaya wapo watu wazima, wenye heshima zao, wanaokusanya gololi kuukuu, wakazipima kipenyo, wakazitazama kwa kioo cha kukuzia na kubishana kwa miaka juu ya asili ya moja tu. Mwaka 1975 kilianzishwa hata chama chao, Marble Collectors Society of America.

Anayewacheka hajaielewa kazi yao. Gololi haina nembo, haina tarehe, wala haina jina la aliyeitengeneza. Iliuzwa ndani ya sanduku au mfuko, na sanduku likatupwa. Ushahidi wote uliosalia umo ndani ya kioo chenyewe, na kuusoma ushahidi huo ni kazi ya mwanahistoria. Wanaakiolojia wa pwani yetu hufanya hivyohivyo na shanga za kioo zilizofukuliwa Kilwa na kisiwani Pate: rangi, umbo, namna uzi wa kioo ulivyovutwa na kukatwa, na kemia ya kioo, ndivyo vinavyowaonyesha bidhaa ilivuka bahari kutoka wapi.

Jambo la kwanza ambalo mkusanyaji hutafuta ni kovu. Katika mji wa Lauscha, Thuringia, nchini Ujerumani, ambako tanuri la kioo lilijengwa tangu mwaka 1597, katikati ya karne ya 19 kilibuniwa kifaa kilichoitwa mkasi wa gololi, chenye kikombe kidogo upande mmoja na kisu upande wa pili. Fundi alikusanya kioo kilichoyeyuka, akakipachika nyuzi za rangi, akakivuta na kukisokota hadi kikawa fimbo ndefu. Ncha ya fimbo hiyo aliingiza katika kikombe, akaizungusha ikawa duara, kisha akaikata. Pale ilipokatwa palibaki alama, aghalabu pande zote mbili za gololi, mahali penye mkwaruzo ambapo nyuzi za rangi hukutana. Hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa kwake. Gololi yenye makovu mawili ilipita mikononi mwa mtu.

Mtu gani? Hapo ndipo hati inaponyamaza. Tunajua kwamba katika vijiji vya Thuringia vitu vya kuchezea vilitengenezwa na familia nzima majumbani, watoto wakiwemo, zikilipwa kwa idadi ya vipande na wafanyabiashara waliouza bidhaa hizo ng'ambo kupitia Sonneberg. Kovu ambalo fundi wa zamani alijitahidi kulisaga lisionekane leo ndilo linaloongeza bei, na anayeing'arisha gololi upya hadi kovu litoweke huipunguzia thamani yake. Soko linaabudu alama ya mkono, lakini mwenye mkono hana jina hata katika orodha za mnada.

Sasa tuvuke Atlantiki hadi Akron, Ohio, maana siasa yenyewe imo huko. Martin Christensen, mhamiaji kutoka Denmark, alikuwa amebuni njia ya kutengeneza vipira vya chuma vya mashine. Kiswahili, kwa busara yake, huviita vyote gololi, vya chuma na vya kioo, na Christensen aliona undugu huohuo: akabadilisha ujuzi wake wa chuma uwe wa kioo, na mwaka 1905 akapata hataza ya mashine ya magurudumu mawili yenye mfuo, yaliyoviringisha kioo cha moto hadi kikawa duara kamili. Bado mfanyakazi alisimama mbele ya tanuri akikusanya kioo kwa fimbo ya chuma, na msokoto wa mkono wake unaonekana hadi leo. Gololi za Christensen zilizochanganywa rangi na nyeupe huwa na mchirizi unaojikunja kama tarakimu 9 upande mmoja na mkia mfupi upande wa pili. Mashine ilifuta kovu, lakini mkono haukuweza kuufuta.

Christensen alikuwa na mtunza hesabu, Horace Hill. Katika historia ya gololi za Akron, Hill ndiye aliyeondoka na fedha za tajiri wake pamoja na siri za mashine na za wateja. Akaungana na wenzake wawili katika kampuni mpya, Akro Agate, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ikinunua gololi za Christensen na kuzipakia upya kwa jina lake. Mwaka 1914 Akro ilihamia Clarksburg, West Virginia, kwenye gesi asilia ya bei nafuu na mchanga mzuri. Mwaka 1915 Hill alipewa hataza ya mashine iliyoboreshwa. Kisha vita vikafanya kazi ambayo hakuna mfanyabiashara angeifanya: manowari za Uingereza zikazuia bidhaa za Ujerumani, na mshindani mkuu akatoweka sokoni bila kushindwa kwa bei wala kwa ubora. Kampuni ya Christensen haikufaidi, kwani kiwanda chake kilifungwa mwaka 1917, wakati vita vilipoleta uhaba wa gesi. Amani iliporudi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ushuru ya 1922, ile ya Fordney na McCumber, iliyotoza ushuru mzito vitu vya kuchezea kutoka nje. Lauscha haikurudi tena kwenye nafasi yake.

Ninawaomba wenzangu walioko wizarani wasome upya aya hiyo polepole. Gesi nafuu, ujuzi wa mhamiaji, siri iliyoibwa, vita vya watu wengine na ukuta wa forodha: hayo ndiyo yaliyozaa tasnia ya gololi ya Marekani. Sisemi kwamba wizi ni sera. Ninasema kwamba historia hii haifanani na ile tunayosomewa katika semina, ambako hakimiliki hulindwa kwanza, soko hufunguliwa, na viwanda huota vyenyewe kama uyoga baada ya mvua.

Na Akro, baada ya kukua, ikawa mlinzi mkali wa hataza. Mwaka 1930 wafanyakazi wake wanne waliondoka wakaanzisha Master Marble palepale jirani. Akro ikawashtaki, na mwaka 1937 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikaamua dhidi yake. Sijui kesi nyingine ndogo inayoeleza vizuri hivi jinsi ngazi inavyosukumwa na yule aliyekwisha kuipanda.

Kwa mkusanyaji, miaka hiyo ya ushindani ndiyo yenye utamu, na ndiyo migumu zaidi kuitambua, kwa kuwa makovu hayapo tena. Hutazamwa namna rangi zilivyoingia. Akro ilizungusha kikombe chini ya mkondo wa kioo, na rangi zikazunguka ndani ya gololi kama uzi wa parafujo. Kampuni ya Peltier ya Ottawa, Illinois, ilitoa nyingi zenye mishono miwili, na nyingine zilizochapwa sura za wahusika wa katuni za magazetini. Kampuni ya Christensen Agate, iliyofanya kazi Cambridge, Ohio, ilitengeneza gololi za madoadoa ambazo wakusanyaji huziita kwa jina la ndege kanga, na hizo ndizo huwindwa kuliko zote na kughushiwa kuliko zote. Jina lake lisimdanganye msomaji: hakuna uhusiano unaojulikana kati yake na Martin Christensen wa Akron. Jina zuri nalo ni mtaji, hata kama ni la mwingine.

Mwisho wa Akro ulifuata mantiki ileile iliyoianzisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vyombo vya kuchezea vya watoto kutoka Japani vilikatika, naye akajaza pengo kwa vikombe na sahani ndogo za kioo. Vita vikaisha, bidhaa za Japani zikarejea, na miongoni mwake gololi za aina ya jicho la paka, kioo angavu chenye petali za rangi katikati. Ndizo ambazo karibu kila mtoto anazijua leo. Mwaka 1951 Akro ilifunga milango.

Waliobaki wakitafuta majibu wamekwenda kuchimba. Katika viwanja vya viwanda hivyo vya zamani, wakusanyaji hufukua vipande vilivyotupwa: gololi zilizopasuka, zilizoungana mbilimbili, na zenye rangi za majaribio ambazo hazikuuzwa kamwe. Hizo humsaidia mtu kusema kwa uhakika zaidi rangi fulani ilitoka kiwanda gani, na nyingi ni za zamu ambazo mashine iliwakatalia waliokuwa wakiiendesha. Orodha za mauzo ziliandikwa na watunza hesabu. Lundo la taka lile liliachwa na watu wa tanuri.