Malin 1: galaksi kubwa iliyopita kwenye chujio

Ukiandika programu ya kusafisha data lazima uweke kiwango: kilicho chini yake kinatupwa. Shida ni kwamba kilichotupwa hakilalamiki. Wanafalaki waliwahi kuwa na chujio kama hicho kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa amekiweka.

Mwaka 1970 Ken Freeman, wa Australia, alipima galaksi za msokoto, zile zenye mikono iliyojikunja, akakuta karibu zote zina mng'ao unaolingana pale katikati ya sahani. Ajabu! Wengine waliona ni kanuni ya maumbile. Lakini mwaka 1976 Mike Disney alionya kwamba anga la usiku lenyewe halina giza kamili. Galaksi iliyofifia kulishinda humezwa, na ile ndogo yenye mng'ao mkali hudhaniwa ni nyota. Tunahesabu tu zinazopita mlangoni.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1986. Gregory Bothun, Chris Impey na wenzao walikuwa wakitafuta galaksi ndogo hafifu katika kundi la Mashuke, yaani Virgo. David Malin, mtaalamu wa picha kule Australia, alikuwa na mbinu yake ya chumba cha giza: kunakili bamba la picha kwa mwanga uliotawanywa, mpaka hata kivuli cha mwisho kijitokeze. Kemia tupu, bila tarakilishi.

Doa moja likawashangaza. Kupima mwanga wa kiini chake kulionyesha kwamba haliko Mashuke kamwe, bali nyuma yake kabisa, zaidi ya miaka-nuru bilioni 1 kutoka kwetu. Darubini ya redio ya Arecibo ikakuta humo hidrojeni yenye uzito wa makumi ya mabilioni ya Jua. Basi piga hesabu: kitu kinachoonekana hivyo kutoka umbali huo ni kikubwa kupindukia. Sahani ya Malin 1 ina upana wa miaka-nuru zaidi ya 600,000, ilhali Njia Nyeupe yetu hukadiriwa kuwa na kama 100,000.

Mwaka 2007 Aaron Barth alichunguza picha ya Hubble akakuta kwamba katikati ni galaksi ya kawaida tu. Ukubwa wote uko nje, kwenye ukungu. Mikono yenyewe ilisubiri hadi 2015, Gaspar Galaz na wenzake walipotoa picha safi iliyopigwa kwa darubini ya Magellan ya mita 6.5, huko Chile.