Utumaji kwa Kundi wenye Uhakika
Utumaji kwa kundi ni njia ya kupeleka data mtandaoni ambapo chanzo hutoa nakala moja tu, nazo ruta huidurufu pale njia zinapoachana, hadi iwafikie wote waliojiunga. Utaratibu wake wa msingi katika intaneti uliandikwa na Steve Deering mwaka 1989. Kundi hupewa anwani moja kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255. Wapo waandikao "maltikasti", na si kosa. "Utangazaji" ndio haufai, kwani huo humfikia kila aliyemo mtandaoni, aliyeomba na asiyeomba.

"Uhakika" hapa ni wa kufika, si wa ukweli. Kwa mfano, rada inaweza kukosea kipimo cha mvua, na kosa hilo likafika salama salimini. Kwa data za rada, kufika kamili si jambo dogo. Rada za hali ya hewa za NEXRAD nchini Marekani, zipatazo 160, kwa kawaida humaliza kupima anga kwa dakika 4 hadi 6 wakati wa mvua. Data ghafi hubanwa kwa mafungu. Pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data kinachosafiri mtandaoni, ikipotea, fungu zima halifunguki, na picha hubaki na pengo la umbo la kabari.

Itifaki ya TCP huhakikisha kwa kudai jibu la kila kilichopokewa, lakini ni ya wawili tu. Programu ya LDM ya Unidata, kituo kinachovipatia vyuo data za hali ya hewa, imesambaza data hivyo kwa miaka mingi: kompyuta inayolisha wenzake kumi hutuma nakala kumi. Kundi kubwa likijibu hivyo, chanzo kitazama. Kwa hiyo mambo hugeuzwa kama katika imla darasani: aliyeandika hunyamaza, aliyekosa sentensi hunyoosha mkono. Wakikosa wote, mikono hunyooka pamoja; ndiyo maana katika NORM, itifaki ya utumaji kwa kundi iliyochapishwa kama kiwango mwaka 2009, kila mpokeaji husubiri muda wa bahati nasibu, na akisikia mwenzake ameomba, hujizuia.

Ujanja mzuri zaidi ni pakiti za ziada zinazokokotolewa kutokana na zile za asili. Mmoja akikosa pakiti ya tatu na mwingine ya nane, pakiti moja ya ziada huwatibu wote wawili.

Kampuni nyingi za intaneti hazipitishi trafiki ya makundi, hivyo mbinu hii hustawi zaidi katika mitandao ya utafiti. LDM7, toleo la LDM lililotengenezwa na Unidata pamoja na Chuo Kikuu cha Virginia, hutuma kwanza kwa kundi, kisha kila aliyepungukiwa huchukua kipande chake kwa TCP.