Vimeng'enya vya Bogoria na jinzi za Ngara

Mnunuzi anayechagua jinzi kwenye vibanda vya mitumba vya Ngara, jijini Nairobi, mara nyingi huitaka ile iliyopauka mapajani na magotini, kana kwamba imevaliwa miaka mingi. Zamani viwanda vilipausha kitambaa hicho kwa kukizungusha mashineni pamoja na mawe mepesi ya volkeno. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa ya kazi hiyo imeachiwa vimeng'enya, yaani protini ambazo viumbe hai huzitumia kuharakisha mabadiliko ya kikemikali.

Pamba ni selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi. Kimeng'enya cha selulasi huukata mnyororo huo, nyuzi za juu zikalegea na kuondoka na rangi ya nili, huku vipande vya sukari vikibaki majini. Kwa bakteria sukari hiyo ni chakula. Mwenye kiwanda huimwaga.

Thamani ya kimeng'enya imo katika uimara wake. Protini ikipata joto au magadi makali hukunjuka, mfano wa ute wa yai kikaangoni, na kazi yake hukoma. Ndiyo maana watafiti hukiweka kwenye joto fulani kwa muda uliopangwa, kisha hupima kiasi cha sukari ambacho bado kinaweza kukitoa. Njia mojawapo hutumia kemikali ya manjano ambayo, ikichemshwa na sukari, hugeuka rangi ya hudhurungi.

Bakteria wa baharini nao wana vimeng'enya vya namna hii, vinavyotoa sukari katika mwani, na vingi huhitaji chumvi ili visimame imara. Lakini pH ya bahari ni kama 8 tu. Ya Ziwa Bogoria, huko Baringo, ni kama 10, karibu sawa na maji ya sabuni ya unga, na kandokando yake hutokota chemchemi za maji moto. Kimeng'enya cha kiumbe aliyezoea makao hayo hakishtuki kikitiwa kwenye beseni la kufulia.

Mwaka 1992 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikatengeneza humo vimeng'enya vya sabuni na vya kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilidai mgawo, likisema halikuidhinisha biashara hiyo; upande wa pili ukasema sampuli zilichukuliwa kwa vibali. Ikumbukwe kwamba matini ya Mkataba wa Bayoanuwai yalipitishwa papa hapa Nairobi, Mei 1992, na kuanza kutumika mwishoni mwa 1993. Tofauti ya miezi hiyo si jambo dogo.

Mwaka 2007 KWS ilitia saini mapatano na Novozymes ya Denmark, safari hii malipo na mafunzo yakiandikwa mapema. Hata hivyo, jeni ikishasomwa na kuingizwa katika kompyuta, bakteria mwingine hufugwa tangini akaitengeneza protini ileile, na hakuna anayehitaji kurudi Bogoria. Pengo hilo ndilo lililozaa Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025 kupokea michango ya kampuni zinazonufaika na taarifa hizo za jeni. Uchangiaji wenyewe ni wa hiari.