Mali Bila Daftari

Ukishuka kutoka Moshi kuelekea kusini utalikuta Bwawa la Nyumba ya Mungu. Lilitengenezwa miaka ya 1960 kwa kuuzuia mto Pangani, pale maji ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana, ili tupate umeme. Wavuvi wakaja, na ndege nao wakaja bila kualikwa: mnandi, korongo, bata maji.

Kila Januari, Ulaya ikiwa kwenye baridi kali, baadhi ya ndege wa huko huwa wageni wetu. Mwezi huo ndio wa hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967. Afrika ilianza yake mwaka 1991, na Januari 1995 wahesabu walizunguka maziwa na mabwawa makubwa ya Tanzania wakiwa na darubini, daftari na subira.

Maji hayo yanagombewa na wakulima wa juu, wavuvi na mitambo ya umeme. Kila mmoja ana msemaji wake. Ndege hana, ila ile namba iliyoandikwa. Bila hesabu ya jana, nani atajua kilichopungua leo? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.