Osama wa Ghalani
Nilipoacha chuo nilirudi kwa nyanya, Makueni. Tukafungua ghala: magunia yamejaa vumbi. “Ni Osama,” akasema.

Mdudu huyo alitoka Meksiko na Amerika ya Kati, kule kule mahindi yenyewe yalikotoka. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafika Taveta 1983.

Mwaka 2011 FAO ilikadiria kuwa mlaji wa Ulaya na Amerika Kaskazini hutupa kilo 95 hadi 115 za chakula kwa mwaka. Kusini mwa Sahara, kilo 6 hadi 11. Wao hutupa wakishanunua. Sisi twapoteza kabla ya kupika.

Siku hizi nyanya huuza mahindi yote punde tu akivuna, bei ikiwa chini. Miezi michache baadaye tunanunua unga dukani.