Kuacha, Kuachwa na Hesabu ya Jasho

Mpenzi wa lugha anayechunguza vitenzi vya ndoa katika Kiswahili hakosi kuona kwamba sarufi imekwisha kuamua mambo mengi kabla shehe, padri au hakimu hajafika. Mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa. Hata tukitaka uungwana tukasema "wameachana", msikilizaji huuliza papo hapo: nani kamwacha mwenzake? Nilifundisha kauli ya kutendwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari, na sikumbuki darasa ambalo mfano huu haukuzua mjadala. Wasichana ndio waliotangulia kunyoosha mikono. Swali lao lilikuwa hili: mwanamke aliyechoka kutothaminiwa, akafunga mzigo wake akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, tumsemeje? Wasemaji wakali humwita mtoro. Wenye huruma husema "amerudi kwao", kana kwamba pale alipoishi miaka ishirini palikuwa ugenini.

Si kwamba mlango haukuwapo. Sheria ya Kiislamu inatambua khului, ambapo mke hujikomboa kwa kumrudishia mume mahari. Katika jamii nyingi za bara zinazofuata ukoo wa baba, ng'ombe wa mahari walidaiwa vilevile ndoa ilipovunjika. Hebu msomaji afikirie maana yake. Binti anarudi kwa baba, na baba anatazama zizi. Pengine wale ng'ombe wamekwisha kumwolea mke kaka yake. Heshima ya binti inapimwa kwa mifugo ambayo haipo tena. Wangapi walirudishwa kwa waume zao asubuhi iliyofuata, kwa maneno matamu na kitoweo cha njiani?

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaousoma Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 kama kitabu cha utii na basi. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimwandikia binti yake akiwa mgonjwa. Mimi nasikia humo sauti ya mama anayeijua nyumba atakayoingia mwanawe, anajua mlango wake wa kutokea ni mwembamba, na anampa silaha pekee anayoiamini, yaani adabu na akili. Anayetaka kumlaumu aulize kwanza binti yule angekwenda wapi.

Huku kwetu Ganako tuna majirani wanaotupa mfano tofauti. Wadatoga, wafugaji wanaopatikana upande wa Ziwa Eyasi na kusini hadi Hanang, wana baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga. Mwanaanthropolojia George Klima alilieleza katika maandishi yake ya miaka ya 1960 juu ya Wabarabaig, tawi mojawapo la Wadatoga. Mwanamume aliyevunja haki za wanawake hushtakiwa mbele ya wanawake wenyewe, nao humtoza faini ya mifugo. Tena bibi harusi wa Kibarabaig hupewa ng'ombe na watu wa kwao, akaingia kwa mume akiwa na kitu chake. Sisemi kwamba wanawake hao waliishi peponi. Nasema tu kwamba mwenye ng'ombe wake husikilizwa anaposema amechoka, na hilo halikuhitaji kusomewa na mzungu wala na mwalimu.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na mapendekezo ya serikali ya mwaka 1969. Ilihusu Tanzania Bara, ikaweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila chini ya mwavuli mmoja. Kwa mpenda vitenzi jambo kubwa liko hapa: mume au mke, yeyote kati yao, aliweza kuiomba mahakama ivunje ndoa, baada ya kupita kwenye baraza la usuluhishi. Anayevunja ni mahakama. Haachi mtu, haachwi mtu. Ushahidi kwamba ndoa imevunjika usiweze kurekebishwa ulijumuisha ukatili, uwe wa mwili au wa akili. Maneno hayo mawili ya mwisho nayaona mazito kuliko kurasa nyingi, maana mtu asiyepigwa lakini anayefanywa si kitu alikuwa hana jina la kidonda chake.

Hata hivyo, kuondoka na nini? Sheria ilisema mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja igawanywe, mahakama ikitazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mzozo wote ukaangukia neno kazi. Je, kupika, kufua, kulea, kuchota maji ni kazi? Mahakimu waligawanyika. Suala likafika Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983. Wawili hao walioana mwaka 1971 na ndoa ikavunjwa mwaka 1980. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imemwona Bi Hawa kuwa mke tu, na nyumba imenunuliwa kwa fedha za mume, basi hana fungu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa fikra hiyo: kazi za nyumbani ni mchango.

Nalipenda neno mchango, na linanichekesha kidogo. Harusi zetu huanza na daftari la michango. Kila shilingi huandikwa, kila aliyeahidi hufuatwa hadi mlangoni, katibu husoma majina kikaoni bila aibu. Siku ya pili baada ya harusi daftari hufungwa. Bibi harusi anaanza kuchanga alfajiri, na hakuna katibu.

Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata nyumba wala sehemu yake. Mahakama iliona kwamba mume alikwisha kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia vibaya, kwa hiyo fungu lake lilikuwa limekwisha kuliwa. Rufaa ikatupwa. Tangu hapo jina lake linasomwa mahakamani kila mke anapodai jasho lake la jikoni lihesabiwe, na wake wengi wametoka na vyumba, mashamba na mabati kwa hoja aliyoishinda yeye, akatoka mikono mitupu.