Dari la ofisi ya Posta: bajeti yake isomwe vipi kabla ya kupitishwa

Kwenye mkutano mkuu wa chama cha ushirika au SACCOS, taarifa ya fedha husomwa haraka haraka. Mara nyingine hupita mstari mmoja tu: "ukarabati wa dari, ofisi ya Dar es Salaam", na mbele yake tarakimu ya mamilioni. Mwanachama aliyekatwa makato kwenye korosho au kahawa yake anabaki anajiuliza ni dari gani hilo. Vyama vya wakulima vina ofisi na majengo mjini tangu zamani. Jengo la Ushirika la Mtaa wa Lumumba, Mnazi Mmoja, ni mojawapo. Makala hii ni kwa ajili ya mwanachama anayetaka kuinua mkono na kuuliza swali.

Swali la kwanza halihusu dari. Je, chama ni mwenye jengo au ni mpangaji? Kama ni mpangaji, mkataba wa pango usomwe kabla ya shilingi moja kutoka. Mikataba mingi humwachia mpangaji matengenezo madogo ya ndani, na mwenye jengo hubeba paa, mabomba na kuta. Dari likiwa limeoza kwa sababu bomba la ghorofa ya juu linavuja, tusikubali kulilipia kabla ya kujua bomba ni la nani.

Dari tunalozungumzia ni lile la kuning'inia, ambalo mafundi wengi huliita siling tu. Siyo siling bodi iliyopigiliwa kwenye mbao kama ya nyumba nyingi kijijini. Hapa nyaya hushuka kutoka kwenye zege la juu na kushika fremu za chuma chepesi, na fremu hizo hugawa dari katika miraba ya sentimita 60 kwa 60. Kila mraba huwekewa kibao cha jipsamu au cha nyuzi za madini, ambacho unaweza kukinyanyua kwa mkono. Juu yake kumefichwa nyaya za umeme, mabomba na viyoyozi. Si kila jengo linalihitaji: Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa na paa la zege lenye umbo kama la miavuli, na ukisimama sokoni ulikuwa unaliona wazi lilivyo.

Sasa hesabu. Chukua chumba cha mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Kibao kimoja kina mita za mraba 0.36, kwa hiyo ukigawanya unapata vibao 334. Hapo ndipo wengi hukosea. Upande wa mita 12 unaingia vibao 20 kamili, lakini upande wa mita 10 unaingia 16 na kipande, na kipande hicho hukatwa kutoka kwenye kibao kizima. Kwa hiyo ni safu 17, na 20 mara 17 ni 340. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na akiba, unafika 374. Fremu ndefu za mita 3.6 zitakuwa kama 28 au 30, za mita 1.2 kama 167, na fupi za sentimita 60 idadi hiyo hiyo. Pembeni mwa kuta ni mita 44. Bajeti inayosema tu "vifaa vya siling" bila idadi haijahesabiwa, imekisiwa.

Bei hatuziandiki hapa kwa sababu hubadilika. Njia ni kuchukua bei za maduka matatu ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, siku moja, kwa bidhaa ile ile. Na uulize kama VAT ya asilimia 18 imo ndani. Tuseme, kwa mfano tu, kibao ni shilingi 6,000: vibao 374 ni shilingi 2,244,000, na VAT ikiongezwa baadaye ni shilingi 403,920 nyingine ambazo mkutano haukuzipitisha. Risiti iwe ya EFD.

Vifaa ndiyo sehemu nyepesi. Kinachokula fedha Posta ni mazingira ya kazi. Wapangaji wapo mchana, hivyo kubomoa hufanyika usiku na mwisho wa wiki, na fundi wa usiku ana malipo yake. Vibao lazima vipandishwe ghorofani kwa mikono kama lifti haifanyi kazi au hairuhusiwi kubeba mizigo. Kifusi nacho lazima kiondoke, na dampo la jiji liko Pugu, si jirani. Meza, kompyuta na majalada yafunikwe au yahamishwe. Tumeona bajeti ambazo haya yote yameingizwa kwenye neno "mengineyo", na mara nyingi "mengineyo" ndiyo huzidi vibao vyenyewe.

Jengo likiwa la zamani, kuna jambo la afya. Mabati ya saruji, vibao na vifuniko vya mabomba vya miaka ile huweza kuwa na asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Vumbi lake halionekani kwa macho. Kama kuna shaka, sampuli ipimwe kabla ya mtu kupiga nyundo, na gharama ya kipimo iingie kwenye bajeti. Kijana wa kibarua aliyetoka kijijini kwenu ndiye atakayelivuta vumbi hilo.

Halafu uvujaji. Madoa ya kahawia kwenye vibao ni taarifa ya maji yanayotoka kwenye kiyoyozi, paa au choo cha juu. Kubadilisha kibao bila kuziba maji ni kununua dari mara mbili. Mjini pwani unyevu wa hewa peke yake hulegeza vibao hafifu vikashuka katikati na hushika kutu kwenye fremu, kwa hiyo cha bei rahisi si lazima kiwe nafuu. Taa na viyoyozi vining'inizwe kwa nyaya zake kutoka kwenye zege, visiegemee fremu. Vifaa vya kugundua moshi virudishwe mahali pake, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liulizwe kama jengo lina masharti yake. Watu wa Kariakoo hawajausahau moto wa sokoni wa 10 Julai 2021.

Nani afanye hesabu hii? Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na AQRB, na kazi ifanywe na mkandarasi aliye kwenye orodha ya CRB. Ada ya mkadiriaji huonekana kubwa mpaka utakapolinganisha makisio matatu yasiyofanana vipimo.

Mwisho wa orodha iweke dharura ya asilimia 10 hadi 15, kwa sababu hakuna anayejua kilichoko juu ya dari mpaka lifunguliwe, na matumizi yake yaidhinishwe na kamati kwa maandishi. Malipo yagawanywe kulingana na kazi iliyokwisha, na sehemu izuiliwe kwa miezi kadhaa. Kazi ikiisha Februari, sehemu hiyo isubiri masika ya Machi hadi Mei, na kabla ya kulipa mtu apande ngazi, anyanyue vibao vichache na kuangalia kama pamelowa.